Mama Mariette Katika Mstari wa Kabanda

Katika kijiji cha Wakongo kule Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, waliojua kwamba jina la Mama Mariette ni Marthe walikuwa wachache. Wengine wote walimwita kwa jina la mwanawe, kwa desturi ya kwao: mwanamke akishazaa, jina la usichana analikunja na kuliweka, na tangu siku hiyo anaitikia la mtoto. Marthe aliliitikia kwa miaka karibu ishirini bila kulitegea sikio. Siku alipolisikia sawasawa kwa mara ya kwanza, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alizaliwa milimani, Kivu ya Kusini, juu ya Lemera, mahali ambapo ukungu hulala mabondeni mpaka ng'ombe wamekwisha kukamuliwa. Vita vilipofika mwaka wa 1996, yeye na mumewe Kalume walitelemka na Mariette mgongoni, wakavuka ziwa Tanganyika, wakakaa Tanzania kwa muda, kisha wakapanda kaskazini polepole, kibarua hapa, kibarua pale, hadi wakaingia Uganda kwa njia ya Kikagate. Nakivale waliyoikuta ilikuwa nyasi, miiba na upepo wa ziwa. Kalume alikata miti, akasimamisha kuta, Marthe akakandika udongo, na juu wakatandaza turubai. Nyumba haikuwa imekauka vizuri malaria ilipomshika Kalume mwanzoni mwa juma. Juma halikwisha naye.

Mbao za jeneza hazikuwapo. Siku zile maiti walizikwa katika mkeka, au katika blanketi kama familia ilikuwa nalo la ziada, na Marthe alikwisha kujiandaa kwa hilo. Ndipo Kabanda, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kule kwao, mtu wa sauti ya pole na koti moja la rangi ya majivu, alipokwenda kwake akang'oa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Aliupasua, akapiga misumari kwa mkono wake, na Kalume akazikwa ndani ya sanduku kama mtu aliyefia nyumbani. Msimu ule wote wa mvua nyumba ya Kabanda ilizibwa kwa gunia. Yeye hakulitaja jambo hilo kabisa. Angelitaja hata mara moja, kwa hasira au kwa majivuno, pengine Marthe angepata pa kupumulia.

Familia za kwanza zilipotaka mtu wa kuzisemea ofisini, hapakuwa na haja ya kujadiliana. Walikuwa wachache wa kukaa kwenye mkeka mmoja, na wote walimtazama Kabanda. Akawa mwenyekiti. Akamgawia mjane Marthe kipande cha ardhi karibu na kinamasi, penye udongo mweusi unaoshika maji hata kiangazi, na maharagwe ya Marthe yakawa yanatangulia ya wengine sokoni. Miaka ikaenda. Kijiji kikajaa watu wa vilima vingine, Warundi, na Wakongo wapya wa vita vipya. Mkeka haukutosha tena, ila mwenyekiti alibaki yule yule, maana hakuna aliyeuliza.

Bomba la maji lilipochimbwa, likawa na sheria ambayo haikuandikwa mahali popote: watu wa kwanza kufika Nakivale ndio wa kwanza kuchota. Madumu ya kina Marthe yalipita mbele ya mengine yote, na wageni waliyasogeza yao pembeni bila kuambiwa. Mariette alikuwa bado msichana wa shule siku aliposimama katikati ya njia, dumu mkononi, akauliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

“Mama, juu ya nini siye tunapitaka mbele?”

“Baba yako alikuwa wa kwanza kufika huku.”

“Na bale ba jana, bo habana kiu?”

“Nyamaza, chota maji.”

Mariette alilichukua dumu lake akaenda kuliweka mwisho kabisa, nyuma ya dumu la mwanamke wa Kirundi aliyekuwa na mapacha. Marthe aliona haya kidogo. Akachota, akajitwika, akaenda zake.

Hivyo ndivyo mtoto huyo alivyokua. Hakuwa mgomvi. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali moja na kunyamaza akingoja jibu, na kungoja kwake ndiko kulikowaudhi wakubwa. Alipomaliza kidato cha nne alianza kukutana na vijana wenzake kando ya uwanja wa mpira, wakikalia matofali ya darasa ambalo halikwisha kujengwa. Aliyezungumza zaidi alikuwa Emery, kijana mrefu wa miguu, aliyefika mwaka wa 2012 peke yake na ambaye dumu lake, kwa hesabu ya pale bombani, lingekuwa la mwisho mpaka azeeke. Walizungumza juu ya maji kwanza. Kisha juu ya wasichana kutosema kwenye baraza. Kisha wakafika kwenye shina lenyewe: nani amemchagua anayetusemea?

Wakaenda kwa Kabanda, wakakaa chini kwa adabu.

“Batoto yangu,” Kabanda aliwaambia, “ni kitu gani mulikuya kuniomba nikabanyima?”

“Hakuna, Mzee,” Emery alijibu. “Kuomba njo kitu tunakataa.”

Mzee alicheka, lakini mkono wake ulikuwa unapapasa kifungo cha koti. Hakuwazuia. Habari ilifika ofisini, na Rugamba, Mganda aliyesimamia upande ule wa makazi, akaridhia: kutakuwa na uchaguzi, kwa namna iliyozoeleka, mtu asimame nyuma ya mtu wake, vichwa vihesabiwe. Kabanda upande mmoja. Upande wa pili vijana wakamsimamisha Mariette.

Kijiji kilicheka wiki nzima. “Mwanamuke atakaa mbele ya bazee? Na bwana akimuoa, tutamufuata kwa bwana?” Marthe aliyasikia hayo shambani, kanisani, bombani. Alijivuna na aliogopa, na hakujua kipi kilitangulia. Nyumbani aliona kitu kimoja cha ajabu: Mariette alikwenda kuomba kura kila nyumba, mpaka kwa wazee waliomfukuza, ila mama yake hakumwomba. Walimenya mihogo pamoja, wakazungumza juu ya mvua. Marthe akachukulia kwamba mtoto ana hakika naye.

Siku ya kura ilikuwa Jumamosi, jua kali. Marthe alichelewa shambani. Alipofika uwanjani, mistari ilikuwa imekwisha kuanza. Rugamba alishika fimbo nyembamba na alikuwa akipaza sauti:

“Sikiliza, nyinyi! Hakuna karatasi, hakuna kelele. Mutu anasimama nyuma ya mutu yake. Nyinyi wawili mbele, hakuna kugeuka! Mimi nahesabu kichwa, mambo kwisha.”

Mstari wa Mariette ulikuwa mrefu. Vijana, Warundi, wageni wa mwaka ule na wa mwaka jana, na, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, akina mama wa kwaya, wakiongozwa na Mama Grâce, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mstari wa Kabanda ulikuwa wazee na nafasi tupu. Marthe aliuona mgongo wa Kabanda. Koti la majivu lilikuwa limelowa jasho katikati ya mabega. Mzee alisimama wima, bila kugeuka, kama alivyoagizwa, na hakujua kama nyuma yake kuna watu kumi au hakuna.

Kwa kina Marthe, mtu aliyekuzikia hapiti mbele yako peke yake siku ya aibu yake. Hilo alifundishwa tangu mtoto, kama anavyofundishwa kumpisha mgeni kigoda. Alitazama mstari wa mwanawe, akajiambia: huyu tayari ana watu. Mtu mmoja hapunguzi. Nitamsitiri mzee, na mtoto wangu atashinda. Kura aliiona kama salamu, kama kwenda kukaa msibani ili uonekane. Na chini ya hayo yote, mahali ambapo hakutaka kuchungulia, palikuwa na kile kipande cha udongo mweusi karibu na kinamasi, na nani aliyempa, na nani angeweza kukichukua tena.

Akaenda akasimama nyuma ya Kabanda.

Kijana mmoja katika mstari wa pili akapaza sauti kwa furaha, kama mtu anayemrudisha kuku aliyepotea banda:

“Mama Mariette! Mariette iko huku!”

Watu wakacheka, mistari yote miwili. Hapo ndipo Marthe alipolisikia jina lake. Uso ulimwaka, lakini miguu yake ilikaa pale pale.

“Eeh, Mama Mariette!” Mama Grâce aliita, na yeye hakuwa anacheka. “Uko fasi gani?”

Marthe akatazama chini, mahali aliposimama.

“Bon,” alisema Mama Grâce, akigeukia wanakwaya. “Mama mwenye kumuzala anamukimbia. Siye tunajua nini juu ya huyu mutoto?” Akajifunga kitenge vizuri, akatoka mstarini, akavuka nafasi iliyokuwa katikati, akaja kusimama nyuma ya Marthe. Wa pili akamfuata. Kisha wote, kama maharagwe yanayotoka katika gunia lililotoboka; hakuna anayeyasukuma, yanafuatana tu.

Emery aliita, “Bamama! Bamama, munakwenda wapi?” Wakaendelea kuvuka.

“Mwenye kuhama, ahame sasa!” Rugamba akasema, akiinua fimbo. “Nikianza kuhesabu, hakuna tena!”

Palikuwa na muda. Marthe alikuja kuukumbuka muda huo kwa namna ambayo mtu anakumbuka kitu alichokiona kwa macho yake: nafasi ile tupu kati ya mistari, nyasi zilizokanyagwa, upana ambao mtoto anaweza kuuvuka akicheza. Hatua chache tu, na wale wanawake wote wangerudi nyuma yake. Alijua wangerudi. Lakini kuvuka ilikuwa ni kumwacha Kabanda mbele ya macho ya watu, na kubaki ilikuwa ni kumwacha Mariette, na yeye hakuchagua. Alisimama tu mpaka fimbo ilipomgusa kichwani.

Na Mariette akageuka, ingawa ilikatazwa. Hakumtafuta mama yake. Alitaka kujua ni kelele gani. Macho yao yakakutana. Mariette akageuza uso mbele tena, taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba ambamo mtu anaoga.

Kabanda alishinda. Watu wakampigia vigelegele, na akina mama wa kwaya wakaimba.

Jioni Mariette alipika, akamwekea mama yake chakula kwanza, akamnawisha mikono. “Karibu chakula, Mama.” Hakununa. Marthe alingoja atukanwe. Alilitamani tusi kama mtu mwenye homa anavyotamani kutapika. Mariette alikula, akaosha sahani, akasema usiku mwema. Juma lililofuata alifunga nguo zake katika mfuko akaenda Mbarara, kwa Madinah wa mtaa wa Ruti, mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa akinunua maharagwe ya Marthe na kuwapikia madereva wa malori katika hoteli yake ya mabati, kando ya barabara ya Kabale.

Ndipo aibu ilipoanza kazi yake. Bombani watu walimpisha Marthe kuliko zamani. “Pita, Mama Mariette, pita.” Mama Grâce alimshika mkono: “Aksanti. Bila weye tungalifuata batoto mu shimo.” Kanisani, Jumapili moja, Kabanda alisimama kutoa tangazo, akasema kwa moyo mweupe kabisa kwamba kijijini yupo mama mmoja aliyependa ukweli kuliko damu yake. Watu wote waligeuza shingo. Marthe aliinamisha kichwa, na wao wakadhani ni unyenyekevu.

Akaanza kujificha. Akawa anakwenda bombani mchana wa jua kali, wakati hakuna mtu. Akawa anazunguka nyuma ya darasa la matofali ili vijana wasimwone, na siku aliyokutana na Emery uso kwa uso, kijana alimwamkia vizuri, “Jambo, Mama,” akampisha njia. Na Marthe akaenda mbio kama mwizi aliyesamehewa.

Mavuno yalipokuja, hakuwa na kisingizio tena cha kutokwenda kwa mwanawe. Alipanda pikapu iliyobeba magunia, akiwa amekalia maharagwe yake, akafika Ruti mchana, wakati malori mawili yalikuwa yameegeshwa na madereva wananawa.

“Mama Mariette!” Madinah alimpokea, kijiko kikubwa mkononi, hijabu imefungwa nyuma kwa sababu ya moto. “Leo umeleta maharagwe ama umeleta machozi? Maharagwe nachukua. Machozi iko mingi hapa, moshi tu inatosha.”

“Mwanangu yuko?”

“Yuko nyuma, anapakulia watu wa Kabale. Kaa kwanza. Kunywa chai.” Madinah mwenyewe akakaa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake wakati wa wateja. “Munange, rafiki yangu, sikiliza. Mimi si mutu ya maneno, lakini hii inanisumbua tumboni. Ile kijana ya miguu mirefu ilikuja hapa.”

“Emery.”

“Huyo. Wamekwenda kwa ofisa yenu. Wamesema, hatukatai Mzee alishinda, lakini hii kura ya kusimama kama ng'ombe kwa josho inafunga watu. Tupige kura ya siri. Ofisa amesema, sawa, lakini mwenye kushindwa kila siku analia. Leteni mutu moja kutoka mustari ya Mzee. Moja tu! Asimame kwa baraza, aseme: mimi nilisimama pale na moyo yangu haikuwa pale. Basi nitawapa.”

Marthe alishika kikombe kwa mikono miwili.

“Kijana amezunguka nyumba zote,” Madinah aliendelea. “Hakuna. Kila mutu anaogopa. Nikamwambia Mariette, wewe, si mama yako alikuwa kwa ile mustari? Mwombe. Unajua alinijibu nini? Anasema, ‘Mutu mwenye kuombwa na mutoto wake hayuko huru. Siwezi kupigania uhuru ya batu, kisha nimulazimishe mama yangu.’ Wallahi, huyu mtoto mgumu kama chapati ya juzi.”

Basi ndiyo sababu hakumwomba. Si kwamba alikuwa na hakika naye. Alimwachia nafasi, na Marthe aliitumia vile alivyoitumia.

Mariette akatokea na sahani mikononi. Alikonda kidogo. “Jambo, Mama. Safari?”

“Muzuri. Maharagwe ilitoka mingi.”

“Tunashukuru Mungu.”

Marthe alikuja na maneno mengi. Aliyapanga njia nzima juu ya magunia. Sasa yote yalikwama. Dereva mmoja akaita maji ya kunywa.

“Utakuya siku gani nyumbani?” Marthe akauliza.

“Siku ya baraza. Nitakuya kusikiliza, Mama.” Na akaenda kumpelekea dereva maji yake.

Baraza lilikaa uwanjani pale pale. Kabanda alikuwa kwenye kiti, wazee kwenye benchi, wanawake chini upande wa kushoto, vijana wamesimama nyuma, na Mariette kati yao, amefunga mikono kifuani. Rugamba hakupoteza wakati.

“Vijana wanasema mustari inatisha watu. Mimi nauliza: nani alitishwa? Asimame, mimi nimuone.”

Hakuna aliyesimama. Mtoto alilia, akanyonyeshwa. Kabanda alitikisa kichwa polepole.

“Bwana ofisa, unaona. Hawa batu banajua penye balisimama.”

Marthe alikuwa akimtazama mwanawe. Mariette hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama mbele, mahali pasipo na mtu, na Marthe alielewa kwamba hata kwa jicho mtoto huyu hataki kumwomba. Akainuka. Mama Grâce alimvuta kitenge.

“Ikaa chini, weye! Utatupatisha haya.”

“Haya iko tayari,” Marthe alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, ikabidi aanze tena. “Bwana ofisa. Ni mimi. Mimi nilisimama fasi ile na moyo haikuwa fasi ile.”

“Mzee alikutisha?”

“Apana. Mzee hakunitisha hata siku moja. Mzee alitoboa nyumba yake, akatoa mulango, akamufanyia bwana yangu sanduku. Mimi nilisimama juu ya ule mulango.” Akaonyesha kwa kidole mahali mistari ilipokuwa. “Sikumuchagua. Nilimushukuru. Na nilikuwa na woga, juu ya shamba ya kinamasi. Sijue shukrani njo ilikuwa mingi ao woga. Lakini kuchagua, sikuchagua. Mutoto wangu alikuwa pale, bote bakanitazama, bakanifuata. Nilimuangusha mbele ya batu, na bakanipigia mikono.”

Alitaka kukaa, lakini Kabanda alikwisha kusimama. Mzee alipiga hatua, akasimama mbele yake, na akamwita kwa jina ambalo hapana aliyelitumia tena.

“Marthe. Ule mulango, nilitoa. Sikukukopesha.”

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira Marthe angeivumilia. Kumbe kwa miaka yote ile mzee hakuwa na habari ya kulipwa, na yeye, kwa kumsitiri, alimgeuza mkopeshaji mbele ya kijiji kizima. Aibu iliyokuwa moja ikawa mbili: alikuwa amemkosea mtoto, na sasa alimkosea na mzee pia, kwa tendo lile lile.

Kabanda akageuka, akawatazama waliokaa benchi na waliokaa chini.

“Na ninyi?” aliuliza. “Ninyi wengine, mulisimama juu ya nini?”

Mtu mmoja alikohoa. Mama Grâce alikuwa anang'oa jani la nyasi. Kabanda alingoja jibu kwa muda mrefu, kama mwalimu aliyeuliza swali analojua kwamba kuna mtoto anayejua jibu lake. Hakuna kidole kilichoinuka. Akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akaanza kupapasa kifungo cha koti.

“Kura inarudiwa,” Rugamba alisema. “Ya siri.”

Wakaipanga katika darasa lile la matofali. Wasiojua kusoma walikuwa wengi, kwa hiyo kila mtu alipewa punje moja ya haragwe iliyotiwa wino mwekundu ofisini, na ndani, nyuma ya kitenge kilichotundikwa kwa kamba, kulikuwa na ndoo mbili zenye mifuniko iliyotobolewa, moja ina picha ya Kabanda na moja ina picha ya Mariette. Emery alitandika nguo kuukuu ndani ya kila ndoo, ili punje ikianguka isisikike ni upande gani. “Musizipeleke nyumbani kupika!” Rugamba alipiga kelele. “Hii ni mali ya serikali!” Bibi mmoja alikaa ndani muda mrefu mpaka watu wakaulizana kama amelala, alipotoka alisema alikuwa anafurahia kukaa peke yake.

Marthe aliingia zamu yake ilipofika. Hapakuwa na mgongo wa mtu. Alinyoosha mkono, akaiachia punje yake katika ndoo ya Mariette, na haikutoa sauti yoyote.

Kabanda alishinda tena. Si kama mara ya kwanza. Safari hii alipita kwa punje chache tu, na Rugamba alizihesabu mara mbili juu ya mkeka kabla ya kutangaza. Hakukuwa na vigelegele. Vijana walitazamana, kisha Mariette akaenda mbele, akampa mzee mkono. “Sasa umeshinda, Mzee,” alisema, na mzee akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

Toka siku hiyo Kabanda alianza kumsalimia kila mtu njiani, mpaka vijana waliokuwa wakijificha wasimwamkie. Alijua kwamba karibu nusu ya kijiji kilimkataa, na hakuwa na namna ya kujua ni nusu ipi. Kabla ya mwezi kwisha alisimama mwenyewe bombani akatangaza kwamba anayefika kwanza asubuhi ndiye anayechota kwanza. Nyumbani kwa Marthe hakufika tena. Shamba la kinamasi hakumnyang'anya, wala hakulitaja. Walipokutana alimwuliza habari za afya, akapita.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Jioni ile ya kura Marthe na Mariette walirudi nyumbani wakipita mbele ya ua wa Mama Grâce, naye akaita kutoka jikoni kwake, nusu mzaha: “Haya, Mama Mariette! Na leo ulisimama fasi gani?” Wanawake waliokuwa naye wakacheka. Marthe akahimiza mwendo.

Ndani, Mariette aliwasha moto, akaweka sufuria. Marthe alisimama mlangoni akimtazama akichochea kuni. Maneno ya safari ile hayakumkwama tena.

“Mariette. Leo, mule ndani, mimi ni...”

“Apana, Mama.”

“Minataka ujue.”

“Usiniambie.” Mariette hakugeuka haraka. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa upole, na upole huo ndio uliomfunga mama yake mdomo. “Njo kitu tulipigania, Mama. Mutu yeyote asijue. Hata mimi.”

Marthe akabaki pale. Alipomwangusha mwanawe, kijiji kizima kilimwona, na kilihesabu kichwa chake kwa fimbo. Alipomwinua, hapakuwa na jicho hata moja, na hapangekuwa nalo milele. Wangeendelea kumwita kutoka jikoni, na yeye angeendelea kuhimiza mwendo. Alimtazama mwanawe, akitumaini kwamba ataisoma ile punje usoni mwake bila kuambiwa. Na Mariette, kama aliyelijua tumaini hilo, akaugeuzia uso wake motoni.

“Nipe chumvi, Mama.”

Marthe akampa.